Kingo Kali za Bastola: Somo kwa Wenye Leseni Waishio Mpakani



Katika mabaraza yetu ya polisi jamii huko Busia, Malaba na Mutukula, tumezoea kuulizwa juu ya wizi wa mifugo, magendo ya mafuta na vijana wanaovuka mpaka usiku. Lakini kuna swali moja ambalo halikuulizwa kamwe mbele ya watu. Mwulizaji alisubiri baraza livunjike, akatusogelea akiwa ameshika ubavu wake wa kulia, akasema kwa sauti ya chini: "Afande, hii bastola yangu inanichana. Je, si vibaya nikimpa fundi aipigie tupa kidogo?"

Alikuwa mfanyabiashara wa mazao, mwenye leseni halali, mtu mzima anayeheshimika sokoni. Tulimjibu kwa neno moja kwamba haruhusiwi, tukapanda gari tukaondoka. Miezi michache baadaye alifika kaunta kuhuisha leseni yake. Alipoiweka silaha mezani, iling'aa kama kijiko cha harusi. Kingo zote zilikuwa zimekwisha, na pamoja nazo zilikuwa zimekwisha tarakimu tatu za namba iliyochongwa ubavuni.

Tutarejea kwa mzee huyo hapo mbele. Tumemtaja mapema kwa sababu somo hili ni deni tunalodaiwa naye. Swali lake lilikuwa swali la haki, lenye majibu marefu kuliko lile tulilompa, na laiti tungalimpa majibu hayo siku ile, yasingalimfika yaliyomfika.

Karaha iliyo jambo la usalama

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba mwenye silaha analalamikia mikwaruzo. Sisi hatucheki. Bastola ya kawaida ya chuma ina uzito wa kilo moja hivi ikiwa na risasi zake. Ukiivaa kiunoni tangu alfajiri hadi jioni, ukapanda bodaboda, ukainama kupima magunia, ukaketi na kusimama mara mia, kila ncha yake huandika ubavuni. Jasho likiingia katika mchubuko, mtu huanza kutafuta mahali pa kuipumzisha. Ndipo bastola huwekwa chini ya kiti cha gari, katika droo ya duka, juu ya kabati, au chini ya mto ambao mtoto huurukia asubuhi. Bastola iliyoachwa ndani ya gari ni bastola inayomsubiri mwizi. Iliyoachwa ndani ya droo inamsubiri mtoto.

Kwa hiyo silaha isiyomuumiza mwenyewe ndiyo silaha anayokaa nayo. Anayetaka bastola yake isimchane hafanyi anasa; anatafuta njia ya kutimiza sharti la kwanza la leseni yake, yaani kuwa na silaha chini ya uangalizi wake wakati wote. Shida imo katika njia anayoichagua.

Ukali huo hutoka wapi

Kitelezi cha bastola, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma risasi inapofyatuliwa, huchongwa kutoka kipande kizima cha chuma. Pale ambapo nyuso mbili zilizochongwa hukutana, hubaki ukingo, na ukingo mpya wa chuma huweza kukata kama kisu kisichonolewa sana. Kuuondoa kwataka mkono wa mtu, muda wa mtu na mshahara wa mtu. Viwanda vingi huona afadhali kuuacha ukingo huo, kwa kuwa hauzuii bastola kupiga, na mnunuzi dukani huipima kwa macho wala si kwa ubavu.

Zipo pia ncha zilizowekwa makusudi. Kilengeo cha nyuma huwa na pembe za mraba ili jicho lione wazi. Mistari iliyochongwa ubavuni mwa kitelezi huwa mikali ili vidole vilivyolowa visiteleze. Nyundo huwa na kijipembe ili kidole gumba kiivute. Hizi zina kazi, na anayeziondoa hana budi kujua amepoteza nini.

Walioanza kuliwaza jambo hili

Tatizo ni la zamani kuliko leseni zetu. Mwaka 1911 jeshi la Marekani lilipokea bastola iliyobuniwa na John Moses Browning, ile ya risasi ya inchi 0.45, ambayo mpaka leo hujulikana kwa mwaka huo. Ilikuwa silaha imara, lakini nyundo yake iliporudi nyuma iliwabana askari nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Katika miaka ya 1920 jeshi hilo likaifanyia marekebisho: nyundo ikafupizwa kijipembe chake, na mkia wa komeo lililo nyuma ya mshiko ukarefushwa ili kuukinga mkono. Toleo hilo likaitwa M1911A1. Mtaona kwamba hata jeshi kubwa halikumwambia askari wake avumilie, wala halikumwachia kila askari tupa ajichongee mwenyewe. Mwenye mamlaka ndiye aliyebadili mchoro.

Browning huyo huyo alikuwa tayari amekwisha kuonyesha njia nyingine. Bastola ndogo ya Colt ya mwaka 1903, iliyokusudiwa kukaa mfukoni, ilifichwa nyundo yake ndani ya kitelezi, na mbavu zake zikafanywa nyororo kiasi kwamba hakuna kilichonasa nguo. Majenerali wa Marekani waligawiwa bastola hiyo kwa miaka mingi. Kampuni ya Smith & Wesson nayo, mwaka 1952, ilitoa rivolva iitwayo Centennial ambayo nyundo yake imezikwa kabisa ndani ya mwili wa silaha, isishike kitambaa cha koti wala bitana ya mfuko.

Kati ya hayo palikuwa na mafundi waliokwenda mbali mno. J. H. FitzGerald, aliyekuwa mtumishi wa Colt, alijulikana katika miaka ya 1920 kwa rivolva alizozikata mtutu, akaziondoa kijipembe cha nyundo, kisha akaikata sehemu ya mbele ya kinga ya kifyatulio ili kidole kiingie upesi. Silaha hizo zilisifiwa na watu waliozijua vizuri. Lakini kinga ya kifyatulio ipo ili kwamba funguo, kalamu, pindo la shati au kidole cha mtoto visikiguse kifyatulio. Aliyeiondoa alipata nusu ya sekunde, akaacha mlango wazi. Tunalitaja hili kwa sababu tumewahi kuona bastola moja iliyokatwa hivyo hivyo katika karakana ya kulehemu, na mwenyewe akijivunia.

Katika miaka ya 1970, huko New York, Paris Theodore aliichukua bastola ya Smith & Wesson ya aina ya 39, akaipunguza, akaizungusha kila ukingo, akaondoa vilengeo vya kawaida na kuweka mfereji mmoja juu ya kitelezi usionasa chochote. Aliipa jina ASP. Tangu hapo mafundi wa Marekani wakawa na msemo kwamba bastola iliyosawazishwa vema hufanana na kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Sisi tunaofulia kwa sabuni ya mche twaielewa picha hiyo mara moja: mche mpya una pembe, wa wiki moja hauna, na bado ni sabuni ile ile. Viwanda navyo vikajifunza. Kimber waliuza bastola zilizokwisha kulainishwa kiwandani. Ed Brown akaondoa pembe ya chini nyuma ya mshiko, ile ichomozayo chini ya shati. Na Glock ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 2017, ilikuja na pua ya kitelezi iliyopunguzwa pembe. Anayenunua leo anaweza kuchagua silaha isiyochana tangu siku ya kwanza. Tungependa kila mwombaji wa leseni mpya aikumbuke sentensi hiyo kabla ya kulipa.

Kazi hufanywaje na mwenye kuijua

Fundi wa silaha mwenye kibali haanzi na tupa. Huanza kwa kumwuliza mwenye silaha anaivaa wapi, kwa nguo gani, na alama za mchubuko ziko upande upi. Wengine humwomba aivae kwa siku kadhaa kisha arudi na fulana aliyoivaa, kwa kuwa kitambaa kilichotoboka kinasema kweli kuliko mdomo. Katika bastola nyingi wakosaji huwa ni walewale: pembe mbili za kilengeo cha nyuma, ncha ya komeo la usalama, kijipembe cha nyundo, mgongo wa kitelezi kwa nyuma, na pembe ya mwisho ya mshiko. Mara nyingi ni sehemu tatu au nne tu. Mwili mzima wa silaha hauhitaji kuguswa, na fundi anayetaka kuusugua wote anatafuta pesa.

Kisha huhakikisha silaha ni tupu. Hapa tusimame kidogo, maana utaratibu huu unamhusu kila mwenye leseni hata asipokwenda kwa fundi maisha yake yote. Kwanza hutolewa magazini. Ndipo kitelezi huvutwa nyuma ili risasi iliyomo chemba itoke, na chemba hutazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Anayegeuza mpangilio huu, akavuta kitelezi kabla ya kutoa magazini, hutoa risasi moja na kuingiza nyingine palepale. Kisha hutoa magazini, akaamini silaha ni tupu, na mkononi ana bastola iliyo tayari kuua. Mtutu nao uelekee mahali salama muda wote huo. Risasi zenyewe hazikai katika chumba cha kazi.

Silaha hufunguliwa vipande, na kila kipande hushughulikiwa peke yake. Tupa inayotumika ni ile ya meno madogo kabisa, na mipigo yake huhesabika. Baada yake hufuata msasa laini au jiwe la kunolea lenye mafuta. Ukingo hauzungushwi kwa kiasi cha kuonekana. Ukipitisha kidole usiusikie, kazi imekwisha. Tumeambiwa na fundi mmoja mzee wa ghala la silaha kwamba tofauti kati ya kazi nzuri na kazi mbovu ni nusu ya unene wa ukucha, nasi hatuna sababu ya kumbishia.

Baada ya tupa kuna jambo ambalo mafundi wa mitaani hawalijui au hawalijali. Rangi nyeusi au ya kibuluu iliyo juu ya chuma si pambo. Ni ngozi ya kemikali inayozuia kutu. Pale tupa ilipopita, ngozi hiyo haipo tena. Kwetu sisi tulio karibu na ziwa, penye unyevu mwaka mzima, chuma kilichovuliwa ngozi na kuvaliwa kiunoni chenye jasho hushika kutu kwa siku chache. Kutu ikiingia chini ya kilengeo au katika reli za kitelezi, silaha hukwama. Hivyo kila palipoguswa lazima pafunikwe upya kwa dawa ifaayo. Bastola za chuma kisichoshika kutu kwa urahisi zina nafuu hapo. Zile zenye mwili wa alumini zina hatari yake: juu ya alumini pana ganda gumu jembamba, na ukilipitia kwa tupa, ndani unakuta chuma laini kinacholika upesi.

Glock na jamaa zake ni habari nyingine. Kitelezi chake kimetiwa ngozi ngumu mno kiwandani, hata tupa ya kawaida huteleza juu yake bila kula. Hapo ndipo fundi asiye na subira huchukua grainda. Grainda hula chuma, hula ngozi, na hula namba, yote kwa pumzi moja. Vipande vidogo vilivyokazwa kwa moto, vikipigwa grainda hadi vikageuka rangi ya majani makavu na kisha ya buluu, hupoteza ugumu wao, navyo ndivyo vinavyoizuia silaha isifyatuke yenyewe. Kuhusu mshiko wa plastiki, tumeona watu wakiuchoma kwa chuma cha kulehemu redio ili wauchore mistari au kuuzungusha. Plastiki ikipata joto kupita kiasi hupinda, na kinga ya kifyatulio iliyopinda haikai tena sawasawa ndani ya ala.

Zipo sehemu ambazo hata fundi mwenye kibali hazigusi kwa sababu ya starehe. Kifyatulio na meno yanayoishikilia nyundo, kizuizi cha pini ya kupigia, mdomo wa mtutu, njia ya kupandishia risasi, na reli. Mikwaruzo ya ubavuni haitoki huko. Mtu akikuambia kwamba pamoja na kulainisha kingo atakufanyia na kifyatulio kiwe chepesi, chukua silaha yako uondoke. Kifyatulio chepesi na ala legevu, juu ya bodaboda katika barabara zetu, ni maombi ya ajali.

Namba

Sasa turudi kwa mzee wetu wa mazao.

Hakumpelekea fundi wa silaha. Alikwenda kwa kijana hodari wa kutengeneza mageti, kijana mwema, aliyefanya kazi aliyoombwa kwa bidii yote. Hakujua, wala mzee hakujua, kwamba yale maandishi madogo ubavuni si nembo ya kibiashara. Bastola za kiwandani huchongwa jina la mtengenezaji, nchi na namba ambayo silaha nyingine ya aina hiyo haina. Glock ya Austria huwa na namba hiyo mahali patatu: kwenye kitelezi, kwenye mtutu, na kwenye kibati kidogo kilichozamishwa ndani ya plastiki chini ya mwili wa silaha. Nchi zetu nazo huongeza alama zao.

Mataifa ya eneo la Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, miongoni mwao Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Itifaki hiyo inaitaka kila nchi mwanachama ihakikishe silaha ndogo zimetiwa alama, na iweke katika sheria zake kwamba kufuta, kughushi au kubadili alama hizo bila idhini ni kosa la jinai. Kituo cha kusimamia utekelezaji wake, RECSA, kina makao yake Nairobi, na kimewapa wanachama mashine za kutia alama. Hata Marekani, ambako kulainisha kingo ni biashara halali ya kila siku, sheria ya shirikisho inakataza mtu kumiliki silaha iliyofutwa namba. Mafundi wao huziba maandishi kwa utepe kabla ya kushika tupa, kwa maana wanajua gharama yake.

Sababu ya ukali huo ni nyepesi kwa mtu wa mpakani kuielewa. Kwa miaka mingi silaha zilizoibwa katika vita na uasi zimepita katika njia hizi hizi tunazopitishia mahindi na ndizi. Mwenye kuiuza silaha ya wizi kitu cha kwanza anachofanya ni kufuta namba. Kwa hiyo askari aliye kizuizini anapoishika bastola yenye namba iliyosagwa, haoni starehe ya ubavu; anaona alama ya mkono wa mwizi. Leseni aliyonayo mtu huyo inataja namba, na silaha haina namba. Kwa karatasi hizo mbili, leseni yake si ya silaha ile.

Mzee wetu alishikiliwa. Tulimfahamu, tuliijua leseni yake, baadhi yetu tulikuwa tumenunua maharage kwake, na bado hatukuwa na njia ya halali ya kumrudishia silaha na kumwambia aende. Silaha ilipelekwa kwa wataalamu wa uchunguzi. Chuma kilichogongwa namba huumia hata chini ya maandishi, na dawa maalumu ikipakwa juu yake huweza kuzitoa tena tarakimu zilizosagwa, mradi fundi hakuchimba mno. Yeye alikuwa na bahati kwamba kijana wa mageti hakuugusa mtutu, na namba ya mtutu ililingana na leseni. Hata hivyo ilichukua muda, msimu wa mavuno ukapita, wanunuzi wake wakahamia kwa wengine, na jina lake likazungumzwa vibaya sokoni na watu ambao hawakujua kisa. Kijana wa mageti naye aliitwa kuhojiwa, kwani kufanya kazi ya silaha bila kibali si jambo dogo. Nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inamkataza mtu asiyesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha kutengeneza silaha kama kazi. Uganda ina sheria yake ya mwaka 1970 na Tanzania ya mwaka 2015, na mtu asidhani kwamba akivuka daraja atapata fundi huru zaidi.

Na hapo tuongeze neno kuhusu kuvuka. Leseni ya Uganda haikupi ruhusa ya kubeba bastola Kenya, wala ya Kenya Uganda, wala ya Tanzania ng'ambo ya Mutukula. Ukitaka kuipeleka silaha kwa fundi aliye upande wa pili, hata kama ni mwendo wa dakika kumi na duka lake unaliona ukiwa kwako, unahitaji idhini ya maandishi ya pande zote mbili. Wapo waliosema, "Afande, nilikuwa ninaipeleka kutengenezwa tu." Forodhani maneno hayo hayasaidii kitu.

Njia zisizohitaji tupa

Tukiwa tumeketi na mzee yule baadaye, baada ya mambo kwisha, tulimwomba atuonyeshe alivyokuwa akiivaa silaha yake. Akainua shati. Tukaona mfuko wa turubai uliolegea, ulioshonwa na fundi viatu, ukining'inia kwenye mshipi mwembamba wa suruali ya kanisani. Kwa kweli bastola haikuwa na kosa kubwa. Ilikuwa ikicheza huku na huko kila apigapo hatua, na kila ikicheza ilikuwa ikisugua.

Ala nzuri ya ngozi ngumu au ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la silaha yenyewe huishika isicheze. Ala iwe na ulimi unaopanda juu kati ya silaha na ubavu. Ulimi huo ndio unaopokea pembe za kilengeo na ncha ya komeo badala ya ngozi yako. Ifunike kifyatulio chote. Mdomo wake usisinyae silaha inapotolewa, maana mdomo uliosinyaa humlazimisha mtu kuufungua kwa mkono mwingine wakati wa kurudisha, na vidole vingi vimepotea hivyo. Mshipi uwe mpana na mgumu, uliotengenezwa kubeba uzito. Ndani ya shati ivaliwe fulana ndefu ya pamba. Mambo hayo matatu, ala, mshipi na fulana, gharama yake ni ndogo, hayabadili silaha, na hayahitaji kibali cha mtu yeyote. Kwa wengi wanaotujia hutosha kabisa.

Yasipotosha, vilengeo vinaweza kubadilishwa na fundi mwenye kibali kwa vingine vyenye pembe za duara, kwani huuzwa, na bastola nyingi haziandikwi namba juu ya vilengeo. Vivyo hivyo nyundo yenye kichwa cha mviringo, au komeo dogo. Kubadilisha kipande kidogo kilichotengenezwa kwa ajili hiyo ni salama zaidi kuliko kuchonga kilichopo, na siku ukitaka kukiuza au kukirudisha kama kilivyokuwa, unaweza.

Na ikiwa bado ni lazima kingo zenyewe zipigwe tupa, utaratibu wetu sasa ni huu. Njoo kituoni kwanza, na leseni yako, silaha ikiwa tupu na risasi zikiwa katika chombo chake mbali nayo. Mwambie askari wa kaunta kabla hujaitoa, usiitoe ghafla. Tutaandika namba zake zote mahali zilipo na kuzipiga picha mbele yako, nawe utatia sahihi. Tutakuelekeza kwa fundi aliyesajiliwa na kukupa barua inayoeleza kazi itakayofanywa. Ikirudi, tutailinganisha na picha zile, na badiliko lolote litaingizwa katika jalada lako, ili atakayekusimamisha barabarani kesho asome kile kile unachomweleza.

Mzee wa mazao ndiye aliyetupa wazo la kupiga picha. Silaha yake imetiwa alama upya kwa idhini, nayo sasa inakaa katika ala ya ngozi aliyoichagua mwenyewe. Alipopita kaunta juma lililopita tulimwuliza kama bado inamchana. Akasema hapana, ila mshipi mpya unambana akishiba.